Vipimo vinasema uko sawa ila mwili unakataa: kutafuta tatizo la homoni kuanzia juu

Unakuta mtu ana faili limejaa karatasi, kapima malaria mara kibao, kapima taifodi, kapima damu, kapima na thairoidi akaambiwa TSH iko kawaida nenda nyumbani ule vizuri upumzike, na bado asubuhi anaamka hoi, baridi inamtafuna mchana kweupe hapa Mwanza jua likiwa utosini. Au mwingine period imekata miezi nane, kipimo cha mimba hakuna kitu, kila mtu mtaani ana ushauri wake. Mimi nipo maabara, karatasi za homoni zinapita mikononi mwangu kila siku, na kitu ninachokiona kinarudiarudia ni kimoja: watu wanasoma homoni moja peke yake. Homoni hazisomwi hivyo. Zinasomwa mbilimbili, ya chini na ya juu yake, alafu ndo unajua kamba imekatikia wapi.

Kwanza ujue nani anamwamrisha nani

Nenda Mwaloni pale Kirumba alfajiri mitumbwi ya dagaa ikiingia, utaelewa haraka kuliko kitabu. Kuna tajiri mwenye mtumbwi, yeye yuko nchi kavu, nyavu hagusi, kazi yake kumpigia simu nahodha. Nahodha ndo anawakoromea wavuvi. Samaki wakija kidogo nahodha anapandisha sauti, wakija wengi anatulia, na tajiri akiona ndoo zimejaa simu zinapungua. Sasa kwenye mwili tajiri ni haipothalamasi, sehemu ndogo tu chini ya ubongo. Nahodha ni pituitari, katezi kadogo saizi ya njegere kenye uzito wa kama nusu gramu, kamekaa kwenye kishimo cha mfupa nyuma ya pua huko ndani. Wavuvi ni thairoidi shingoni, adrenali juu ya figo, ovari kwa mwanamke na korodani kwa mwanaume.

Pituitari ina sehemu mbili, leo naongelea ya mbele tu. Hiyo ya mbele inatoa homoni sita: TSH ya kuamsha thairoidi, ACTH ya kuamsha adrenali itoe kotisoli (homoni ya kuusaidia mwili uhimili ugonjwa na msongo), LH na FSH za mambo ya uzazi, homoni ya ukuaji GH, na prolaktini ya maziwa. Juu yao haipothalamasi inatuma maagizo yake: TRH inasukuma TSH, CRH inasukuma ACTH, GnRH inasukuma LH na FSH, GHRH inasukuma GH na somatostatini inaizuia. Prolaktini ndo ya ajabu, yenyewe haisubiri kusukumwa, inazuiwa muda wote na dopamini, dopamini ikikosekana inafurika. Hili liweke akilini tutalihitaji huko mbele.

Maagizo hayo yanashuka kwenye kikonyo, kale kashina kanakoshikilia pituitari chini ya haipothalamasi, kupitia vimishipa vidogo vya damu vinavyounganisha hao wawili moja kwa moja, hayazunguki mwili mzima kwanza, ndo maana ni kidogo mno na huwezi kuyapima kwenye damu ya mkononi. Roger Guillemin na Andrew Schally walisaga haipothalamasi za kondoo na za nguruwe kwa malaki huko kila mmoja na maabara yake, wanashindana, mpaka 1969 ndo muundo wa TRH ukajulikana. Wakapewa Nobel 1977 pamoja na Rosalyn Yalow, yule mama wa kipimo cha kunasa homoni kidogo kabisa kwenye damu, bila yeye sisi wa maabara tungekuwa tunabahatisha mpaka leo.

Basi usomaji unakwenda hivi. Homoni ya chini imeshuka na ya juu imepanda: nahodha anapiga kelele, mvuvi ndo mgonjwa. Ya chini imeshuka na ya juu imeshuka nayo, AU imekaa tu kawaida: tatizo liko juu, maana nahodha mzima hawezi kukaa kimya samaki hawaji. Ya chini imepanda na ya juu imezimika: tezi ya chini inajifanyia kazi yenyewe, au wewe mwenyewe unameza hiyo homoni kutoka dukani. Zote mbili ziko juu: fikiria uvimbe kwenye pituitari. Hiyo "au imekaa tu kawaida" ndo inapoteza watu wengi.

Dalili: baridi, usingizi, choo kigumu, uzito unapanda, na TSH eti iko sawa

Mfano wa karatasi: TSH 2.1, na maabara nyingi kawaida yake ni kama 0.4 mpaka 4.0. Ukiishia hapo unasema mzima huyu. Sasa shusha macho mstari wa chini yake, FT4, yani thairoksini inayotolewa na thairoidi yenyewe, ni 6, na kawaida inaanzia kwenye 10 hivi au 12 kutegemea mashine. Huyo si mzima! Thairoksini imeshuka hivyo TSH ilitakiwa iwe imepaa huko 20, 50, hata 100. Kukaa 2.1 maana yake pituitari haijali au haiwezi. Kwa hiyo ukiona dalili zote za thairoidi kuchoka na umepimwa TSH peke yake, kaombe FT4, usione aibu kuomba.

Kabla hujaogopa uvimbe, angalia haya. Ulipima ukiwa umelazwa, una TB au malaria kali au umetoka kufanyiwa operesheni? Mwili ukiumwa sana unashusha zote mbili kwa muda, subiri upone urudie. Unameza vidonge vya kukuza nywele na kucha? Vingi vina bayotini nyingi, na bayotini inachanganya baadhi ya mashine, TSH inasoma chini uongo na T4 inasoma juu uongo, mtu anaambiwa thairoidi inakimbia kumbe ni vidonge vya nywele. Acha siku mbili tatu ndo upime, na useme dirishani.

Kama kweli tatizo liko juu basi kuna mambo mawili. Moja, dozi ya thairoksini haifuatwi kwa TSH tena, inafuatwa kwa FT4, maana TSH ya mtu huyo ni shahidi wa uongo. Pili, na hili ni la kufa na kupona, kotisoli ipimwe KABLA ya kuanza thairoksini. Ukimpa mtu thairoksini wakati kotisoli hana, mwili unaongeza spidi, kale kakotisoli kalikobaki kanaisha haraka na mtu anaanguka. Haidrokotisoni, yani kotisoli ya dawa, inatangulia, thairoksini inafuata.

Dalili: maziwa yanatoka na hujajifungua, au period imekata na mimba hakuna

Hili lina mlolongo mrefu kidogo, na wanaume nao wasome maana linawapata, kwao linakuja kama hamu kupotea na nguvu kuisha.

Anza na rahisi. Mimba kwanza, hata kama una uhakika, pima. Alafu sindano ya uzazi ya miezi mitatu, hiyo inakata period yenyewe bila prolaktini kuhusika, na ukiiacha period inaweza kukaa miezi mingi mpaka karibu mwaka kurudi. Ukishavuka hapo pima prolaktini, pamoja na TSH na FT4, maana thairoidi ikichoka TRH inapanda na TRH inasukuma prolaktini pia, unakuta mtu anatibiwa maziwa kumbe dawa yake ilikuwa thairoksini tu.

Prolaktini ikirudi juu, swali la kwanza sio uvimbe, swali ni unameza nini. Kumbuka dopamini ndo breki. Dawa yoyote inayofunga dopamini inaachia breki: metoklopramaidi ile ya kutapika ambayo wengi wanaijua kama Plasil, domperidoni, haloperidoli, klopromazini, risperidoni. Sasa dada yangu usisome hapa ukaenda kumwaga dawa za afya ya akili chooni, hizo zinaachishwa au zinabadilishwa na daktari aliyekuandikia, wewe peleka karatasi tu. Vingine vinavyopandisha: figo kufeli, kunyonywa na kuchezewa chuchu mara kwa mara, hata ule woga wa sindano wakati wa kutolewa damu, ndo maana tunakwambia kaa kwenye benchi dakika ishirini kwanza upoe, sio ushuke kwenye daladala mbio unyooshe mkono.

Namba inasema kitu. Kawaida ya mwanamke ni chini ya kama 25 ng/mL. Ikiwa kati ya hapo na 100, mara nyingi ni dawa, thairoidi, au kitu kinabana kikonyo dopamini isishuke vizuri. Ikivuka 200 au 250 uvimbe wa prolaktini unakuwa mtuhumiwa namba moja, ingawa risperidoni nayo inaweza kufika huko. Ila kuna mtego mmoja wa kimaabara ambao naomba uusome taratibu. Picha ya kichwa ya MRI inaonesha uvimbe mkubwa kabisa wa pituitari, na prolaktini inasoma 60 tu. Kuna maelezo mawili. Ama uvimbe ni wa aina nyingine unabana kikonyo, ama prolaktini ni nyingi MNO mpaka imeziba kipimo, kingamwili zote kwenye kipimo zimejaa na mashine inatoa namba ya uongo. Dawa yake ni kuzimua sampuli, unaichanganya moja kwa mia unasoma tena, na namba inaweza kuruka ikawa maelfu. Kwa nini ujali? Kwa sababu uvimbe wa prolaktini unasinyaa kwa vidonge, kabegolini au bromokriptini ambazo zinafanya kazi ya dopamini, kabegolini unameza mara moja au mbili kwa wiki basi. Ule mwingine unaweza kuhitaji upasuaji. Yani kuzimua sampuli kunaweza kumwokoa mtu na kisu, kwa hiyo kama una uvimbe mkubwa na namba ndogo, muulize daktari wako kama maabara walizimua.

Na kuna upande wa pili, prolaktini iko kawaida, thairoidi iko kawaida, period haipo. Pima FSH na estrojeni. FSH juu sana, ovari zimechoka. FSH chini au kawaida na estrojeni chini, simu ya tajiri imekatika: kupungua uzito ghafla, kufunga mfululizo, mazoezi kupita kiasi, msongo wa mawazo. Haipothalamasi ikiona mwili hauna akiba inafunga habari ya uzazi kwanza. Hapo tiba ni chakula na kupumzika kabla ya kidonge chochote.

Dalili: alijifungua, damu ikatoka nyingi, maziwa hayakuja, na toka hapo hajawa mtu

Huyu tunamkosa sana, na ndugu zake wameshazunguka kwa waganga mpaka mbuzi wameisha. Historia inafanana: mama alijifungulia kisiwani au kijijini, damu ikamwaga, boti ikachelewa au gari likachelewa, akafika hospitali kazirai, akaongezewa damu akapona. Mtoto akanyonya patupu. Shangazi wakasema maziwa yatakuja tu, kunywa uji wa ulezi. Hayakuja. Period haikurudi. Nywele za kwapani na za sehemu za siri zikapukutika, hazikuota tena. Akawa mtu wa baridi, wa kulala, presha chini, anapauka, akipata homa kidogo tu anazimia. Miaka inapita, mume anasema huyu mwanamke mvivu.

Kilichotokea ni hivi, ujauzito unaikuza pituitari lakini damu inayoifikia ni ya presha ndogo kupitia vile vimishipa vya kikonyo, sasa presha ikianguka ghafla kwa kutokwa damu, kitezi kinakosa damu kinakufa, chote au nusu. Harold Sheehan aliliandika hili 1937 na ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Inaweza kuchukua miaka kugundulika kwa sababu dalili zinakuja polepole na hakuna anayeuliza lile swali moja: baada ya kujifungua ulinyonyesha?

Karatasi zake zinakuwa hivi, FT4 chini na TSH kawaida au chini, kotisoli ya asubuhi chini na ACTH haijapanda, estrojeni chini na FSH chini, prolaktini chini, sodiamu imeshuka. Kila jozi inaelekeza juu. Mama wa namna hii haidrokotisoni asubuhi na mchana, baadaye thairoksini, baadaye homoni za uzazi kama umri bado, na mabadiliko yake ndani ya wiki chache ndugu huwa hawaamini. Kama unamfahamu mtu wa hivi huko Ukerewe, Sengerema au Magu, mlete mjini kwa daktari wa ndani au wa homoni, na mwambieni daktari habari ya kujifungua kwanza kabisa kabla ya habari ya uchovu.

Dalili: kuishiwa nguvu, kizunguzungu ukisimama, kutapika, kukonda, na uliacha dawa fulani hivi karibuni

Swali la kwanza kabisa: deksa. Au predinisoloni ya pumu, au ya viungo, au vile vidonge vya kuongeza mwili wanavyouza kwenye vipakti bila jina, vingi ndani yake ni deksamethazoni. Au mkorogo. Ndiyo, mkorogo, zile krimu kali za klobetasoli ukijipaka mwili mzima miezi na miezi zinaingia kwenye damu. Haipothalamasi na pituitari zikiona steroidi, yani hizo dawa za jamii ya kotisoli, imejaa zinanyamaza, CRH hakuna, ACTH hakuna, adrenali zinasinyaa kwa kukosa kazi. Alafu siku moja hela imekata au umeamua kuokoka na mkorogo unaacha ghafla, hakuna wa kumwamsha mwenzake. Mtu anaanguka.

Kwa hiyo kama umetumia zaidi ya wiki tatu au nne USIACHE KWA SIKU MOJA, nenda hospitali upunguziwe taratibu, na usimfiche daktari eti utachekwa, sisi tumeshaona kila kitu. Mfumo unaweza kuchukua miezi mpaka mwaka kuamka vizuri, na katikati hapo ukipata malaria au ajali au operesheni unahitaji kinga ya steroidi, sema kila unapolazwa.

Kama hujawahi kugusa steroidi, tofautisha kwa ngozi. Adrenali zenyewe zikiharibika, na TB ni mmoja wa waharibifu wakubwa, ACTH inapanda sana na inaweusha ngozi. Kwa watu weusi usitazame uso, tazama fizi, mistari ya kiganja, makovu mapya, utaona weusi ambao haukuwepo. Mtu anatamani chumvi, potasiamu imepanda. Tatizo likiwa pituitari, ACTH haipo, ngozi haiweuki, inapauka, na potasiamu iko sawa kwa sababu homoni ya chumvi haitegemei sana ACTH. Kotisoli ipimwe saa 2 asubuhi, kupima saa 10 jioni ni kupoteza hela, jioni kotisoli inashuka kwa kila mtu. Asubuhi ikiwa chini ya 100 nmol/L ni hatari, ikiwa juu ya 500 hilo liondoe kwenye orodha, katikati hapo unahitaji kipimo cha kuamsha adrenali.

Kinyume chake, uso umekuwa wa duara, tumbo limetoka na miguu imekonda, michirizi mipana tumboni, kuinuka kwenye mkeka mpaka ushike ukuta, sukari na presha zimekuja pamoja: hapo kotisoli imezidi. Tena anza na deksa na mkorogo, ndo chanzo cha kwanza. Hivyo vikikosekana ndo unatafuta uvimbe wa ACTH kwenye pituitari, ule alioueleza Harvey Cushing 1932. Unameza deksamethazoni 1 mg saa 5 usiku, asubuhi kotisoli inatakiwa ishuke chini ya 50, isiposhuka safari inaendelea.

Dalili: mtoto harefuki

Wazazi wakisoma habari ya homoni ya ukuaji wanakimbilia huko. Pole pole. Mtoto wa shule ya msingi anatakiwa kurefuka kama sentimita 5 kwa mwaka, chini ya 4 ndo tuanze kuongea, kwa hiyo kwanza mpige alama kwenye mlango, subiri miezi sita, piga tena. Mtoto anayeoga ziwani kila siku apimwe kichocho, hicho kinadumaza watoto wengi pembezoni mwa ziwa na dawa yake ipo, prazikwanteli. Selimundu, ambayo kanda yetu ya ziwa ipo kwa wingi, inachelewesha urefu na balehe pia. Minyoo, lishe, VVU, thairoidi. Hayo yote yakiwa safi ndo GH. Na GH huwezi kuipima kwa kuchoma sindano mchana ukapata jibu, inatoka kwa mafungu na mengi yake usiku mtoto akiwa amelala, namba ya mchana inaweza kuwa karibu na sifuri kwa mtoto mzima kabisa. Kinachopimwa kwanza ni IGF-1, inayotengenezwa na ini kwa amri ya GH na haipandi na kushuka ovyo.

Dalili: kijana hajabalehe

Binti miaka 13 hana hata dalili ya matiti, mvulana miaka 14 korodani bado za mtoto. Wengi ni wachelewaji tu, muulize baba yake alianza kunyoa lini. Ila muulize na kijana swali linaloonekana la kipuuzi: unasikia harufu ya dagaa wakianikwa? Kama hasikii harufu yoyote toka utoto, hiyo ni alama kubwa, kwa sababu seli za GnRH zinazaliwa huku puani kwa mimba changa zikapanda mpaka haipothalamasi pamoja na neva za harufu, zikikwama njiani mtu anakosa vyote viwili. LH na FSH zake zitakuwa chini pamoja na testosteroni. Inatibika.

GnRH yenyewe ina tabia moja: inafanya kazi ikija kwa vipindi, kila baada ya saa moja hadi mbili hivi. Ernst Knobil na wenzake miaka ya 1970 mwishoni waliipeleka kwa nyani bila kukatisha, LH na FSH zikazima kabisa, wakairudisha kwa vipindi zikafufuka. Ndo siri ya sindano ya goserelini wanayochomwa wazee wa saratani ya tezi dume, inasukuma bila kupumzika mpaka pituitari inaziba masikio.

Kwa wanaume wakubwa wenye testosteroni chini kanuni ni ileile: LH juu, korodani ndo mgonjwa, kaulize kama aliugua matumbwitumbwi ukubwani. LH chini, angalia prolaktini, unene, pombe. Na nyie wa jim mnaochoma testosteroni, LH inazima na mbegu zinaisha, alafu mnakuja kulalamika mke hashiki mimba.

Dalili: pete haivuki, kiatu kimekuwa kidogo ukubwani

Mtu mzima wa miaka 40 aliyekuwa anavaa namba 41 sasa anavaa 44, meno ya chini yameachana, taya limetoka, jasho, anakoroma nyumba nzima hailali, sukari imeanza. Chukua picha yake ya kitambulisho cha zamani uiweke karibu na uso. Pima IGF-1, ikiwa juu anakunywa glukosi gramu 75 na GH inatakiwa ishuke, isiposhuka ni uvimbe wa GH. Inachelewa kugundulika kwa sababu mnakaa naye kila siku hamuoni akibadilika, mgeni aliyetoka Dar baada ya miaka mitano ndo anashtuka.

Dalili: unagonga vitu vya pembeni

Bodaboda wa Buzuruga anakwambia siku hizi magari yananitokea ghafla ubavuni, side mira nimeivunja mara tatu. Neva za macho zinapishana juu kabisa ya pituitari, uvimbe ukipanda unabana pale zinapopishana na unapoteza pembeni za pande zote mbili, mbele unaona vizuri tu, kwa hiyo ukisomeshwa herufi ukutani unapasi. Kaa uso kwa uso na mwenzako, kila mtu afumbe jicho moja mnaloelekeana, achezeshe kidole akitokea pembeni. Ukikiona kimechelewa kuliko yeye, macho yote mawili upande wa nje, MRI inahusika, na pikipiki iegeshwe kwa sasa.

Kichwa kikipasuka ghafla, kutapika, kope limeanguka au macho yamezima ndani ya saa chache, hiyo sio ya kusubiri Jumatatu. Inaweza kuwa damu imevujia kwenye pituitari, kotisoli inaweza kuzima siku hiyohiyo. Pelekeni hospitali kubwa usiku uleule, na mseme neno pituitari pale mapokezi ili sindano ya haidrokotisoni isichelewe.

Ukija kupima

Njoo kabla ya saa 3 asubuhi, umelala vizuri, kwa testosteroni usiwe umekula. Wanawake andikeni tarehe ya period ya mwisho juu ya fomu, bila hiyo FSH ni namba tu. Dawa zote weka kwenye mfuko uje nazo, pamoja na krimu, pamoja na vile vidonge vya vipakti visivyo na jina, pamoja na za mitishamba. Kama unavaa plasta ya homoni au unameza vidonge vya uzazi sema, estrojeni ya kumeza inapandisha kotisoli ya karatasi bila wewe kuwa na kotisoli ya ziada. Na karatasi za zamani usiziache nyumbani, hata ile iliyolowa chai ya mwaka juzi, nyingi zina TSH na FT4 zimekaa kimya mistari miwili tofauti zinangoja mtu azisome kwa pamoja.